Mitambo ya Jengo si Pambo la Mwisho: Funzo Kutoka Harare

Katikati ya mji wa Harare, nchini Zimbabwe, lipo jengo la maofisi na maduka liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Mpita njia huona majumba mawili marefu ya ghorofa tisa yaliyojengwa sambamba, na kati yake umeachwa uwazi mpana uliofunikwa kwa paa la kioo. Juu ya mapaa ya majumba hayo zimepangwa dohani 48 za matofali. Lakini dohani hizo hazitoi moshi, na wala hakuna tanuri chini yake. Kazi yake ni kutoa nje hewa ya joto iliyokwisha kutumika katika maofisi. Jengo hilo kubwa, lenye watu na mashine za kila namna, lilijengwa bila ya kuwekewa mtambo mkuu wa kupozea hewa ambao majengo ya aina yake huwa nao.

Zimbabwe haipakani na Tanzania, lakini nchi hizo mbili ni wanachama wa jumuiya moja ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, na matatizo yao katika kazi ya ujenzi hayatofautiani sana. Zote mbili hununua sehemu kubwa ya mitambo yao kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Zote mbili zimepata kuona jinsi jengo zuri linavyoweza kugeuka tanuri siku mtambo unapoharibika au umeme unapokatika. Kwa hiyo yafaa kulitazama jengo hilo la Harare si kama ajabu la kupigwa picha, bali kama mfano wa namna mradi wa mitambo ya jengo unavyoweza kusimamiwa tangu siku ya kwanza hadi siku ya kukabidhi, na hata baada ya hapo.

Kwanza yapasa kueleza mitambo ya jengo ni kitu gani. Jengo lina mifupa yake, nayo ni msingi, nguzo na zege. Lina ngozi yake, nayo ni kuta, madirisha na paa. Lakini jengo lenye mifupa na ngozi peke yake halikaliki. Linahitaji maji safi yapande hadi ghorofa ya juu, na maji machafu yashuke bila ya kurudi wala kutoa harufu. Linahitaji hewa safi iingie na hewa nzito itoke. Linahitaji lifti, pampu, matangi, mabomba ya kuzimia moto, na katika hospitali, mvuke wa kuchemshia vyombo na hewa iliyochujwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Hayo yote ndiyo mitambo ya jengo. Sehemu yake kubwa hufichwa juu ya dari, ndani ya kuta na chini ya sakafu, na kwa sababu hiyo aghalabu husahauliwa mpaka siku inapokataa kufanya kazi.

Kusahauliwa huko huanza mapema. Katika miradi mingi msanifu majengo huchora jengo lake kwanza, mwenye mali akapendezwa na sura yake, na mhandisi wa zege akakadiria nguzo na mihimili. Baada ya hayo yote ndipo mhandisi wa mitambo huitwa na kuambiwa apitishe mabomba yake mahali popote atakapopata nafasi. Naye hukuta kwamba nafasi haipo. Dari limeshushwa sana, na mfereji wa hewa hauwezi kupita chini ya mhimili. Chumba cha pampu kimewekwa mahali ambapo pampu yenyewe haipiti mlangoni. Mafundi hulazimika kutoboa zege lililokwisha kukauka, na wakati mwingine hukata hata nondo ambazo mhandisi mwenzao aliziweka ili zibebe uzito. Hapo gharama hupanda, siku hupotea, na jengo hudhoofika kabla halijahamiwa.

Mara nyingi lawama za hali hiyo hutupiwa fundi bomba. Lakini fundi bomba ni mtu wa mwisho katika mlolongo mrefu. Kosa lilifanyika mezani, mwaka mmoja au miwili kabla yeye hajafika na spana yake.

Mradi wa Harare ulianza kwa njia tofauti. Mwenye mali, shirika la Old Mutual, alitaka jengo ambalo lingewastiri wapangaji wake na joto bila ya kutegemea mtambo wa kawaida wa kupozea hewa. Sababu zake zilikuwa za kiuchumi kabla ya kuwa za kitu kingine chochote. Mtambo wa namna hiyo ungenunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Vipuri vyake vingetoka huko huko. Umeme wa kuuendesha ungelipiwa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, na gharama hiyo hatimaye ingeingia katika kodi ya mpangaji. Zimbabwe ni nchi isiyo na bandari, na kila kompresa inayoharibika humaanisha safari ndefu ya kipuri kutoka pwani ya nchi nyingine.

Amri hiyo ya mwenye mali ndiyo iliyobadili mpango mzima wa kazi. Msanifu majengo Mick Pearce, mzaliwa wa Zimbabwe, hakuweza kuchora sura ya jengo peke yake na kumwachia mhandisi mzigo wa joto. Ilimbidi akae meza moja na wahandisi wa kampuni ya Arup tangu mwanzo, maana hewa yenyewe ndiyo ingeamua sura ya jengo. Wahandisi walitumia kompyuta kukadiria jinsi joto lingeingia, lingehifadhiwa na kutoka katika kila saa ya siku, na michoro ikafuata makadirio hayo.

Msingi wa hesabu yao ulikuwa hali ya hewa ya Harare. Mji huo umekaa juu ya uwanda ulioinuka karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua huwa kali, lakini usiku hupoa sana, na tofauti kati ya joto la mchana na la usiku kwa kawaida hufikia nyuzi 10 na zaidi. Hiyo ni baridi inayotolewa bure kila usiku. Swali lililobaki ni namna ya kuikamata usiku na kuiweka akiba mpaka mchana.

Jibu lake lilikuwa zege. Kitu kizito kama zege au tofali huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Kila mtu aliyepata kuingia katika nyumba ya mawe yenye kuta nene saa sita za mchana anaijua hali hiyo. Katika jengo la Eastgate, feni kubwa huvuta hewa ya baridi wakati wa usiku kutoka katika ule uwazi wa kati, zikaisukuma juu kwa mifereji iliyosimama katikati ya kila jumba. Kutoka hapo hewa hupita katika nafasi iliyoachwa makusudi chini ya sakafu ya kila ghorofa, ikagusa zege lililotengenezwa kwa meno meno ili liwe na eneo kubwa la kuguswa na hewa. Zege hutoa joto lililojikusanya mchana kutwa, na kufikia alfajiri huwa limepoa. Usiku hewa ya maofisini hubadilishwa takriban mara kumi kwa saa.

Asubuhi feni hizo kubwa hupumzika na feni ndogo zikashika zamu. Hizo hupitisha hewa kidogo tu, takriban mara mbili kwa saa, kiasi cha kuwatosha watu kupumua. Hewa hiyo inapopita juu ya zege lililopoa hupungua joto lake, kisha huingia ofisini kupitia matundu yaliyo karibu na sakafu. Watu, taa na mashine huipasha moto, nayo kwa desturi ya hewa ya moto hupanda darini, hutoka kwa matundu ya juu, na kuingia katika mifereji ielekeayo kwenye dohani. Hivyo zile dohani 48 ni mwisho wa safari ndefu ya hewa iliyoanzia chini, uani.

Lakini mbinu hiyo isingefaulu kama kuta zingeruhusu jua kuingia litakavyo. Kwa hiyo msanifu alikubali kufungwa na masharti ya wahandisi. Madirisha hayakuruhusiwa kuzidi robo moja ya eneo la ukuta wa nje. Kila ghorofa iliwekewa vipandio vinene vilivyochomoza nje ili kuzitia kuta kivuli. Hata taa na mashine za ofisini zilihesabiwa, maana kila kitu kinachotumia umeme ndani ya chumba hutoa joto ambalo hapana budi lipate pa kutokea. Hayo ni masharti mazito kwa msanifu ambaye huenda angependa kujenga jumba la vioo lenye kumeremeta kama yale ya nchi za baridi. Lakini jumba la vioo chini ya jua la Afrika ni tanuri, na mtu aliyelijenga hana budi kununua mtambo wa kupambana na tanuri alilolijenga mwenyewe.

Matokeo yake yanajulikana. Takwimu zilizochapishwa kuhusu jengo hilo huonyesha kwamba kwa kutoweka mtambo wa kupozea hewa, kiasi cha dola za Kimarekani milioni 3.5 kiliokolewa katika mradi uliogharimu kama dola milioni 36. Lilipolinganishwa na majengo mengine sita ya kawaida ya Harare, Eastgate lilionekana kutumia nishati pungufu kwa asilimia 35. Sehemu ya akiba hiyo iliwafikia wapangaji, kwa kuwa kodi yao iliweza kuwekwa chini ya ile ya majengo mapya ya jirani.

Jengo hilo limepata sifa duniani kote kwa hadithi ya mchwa. Husemwa kwamba msanifu alijifunza kutoka katika kichuguu, ambacho hupitisha hewa na kubaki na joto lile lile mchana na usiku. Ni kweli kwamba Pearce mwenyewe alivutiwa na vichuguu. Hata hivyo, watafiti Scott Turner na Rupert Soar walionyesha mwaka 2008 kwamba kichuguu hakifanyi kazi kwa namna ile iliyodhaniwa. Kichuguu hufanana zaidi na pafu linalobadilishana hewa kwa msaada wa upepo, na joto la kiota chake hufuata lile la ardhi inayokizunguka. Jambo hilo halipunguzi thamani ya jengo la Harare. Linaonyesha tu kwamba jengo halikufaulu kwa sababu ya mfano mzuri wa mchwa. Lilifaulu kwa sababu wahandisi walipima, wakakadiria, na wakapewa nafasi ya kusema kabla ya msingi kuchimbwa.

Hapo ndipo lilipo funzo la kwanza kwa kila anayesimamia mradi wa mitambo ya jengo. Mhandisi wa mitambo anapaswa kuwa mezani siku msanifu anapochora mstari wa kwanza. Mkadiriaji majenzi naye awepo, ili uamuzi wowote upimwe kwa gharama zake zote. Katika kikao hicho mwenye mali aulizwe maswali yasiyokwepeka. Jengo litakuwa na watu wangapi? Litatumika saa ngapi? Ni joto la kiasi gani ambalo wafanyakazi wanaweza kulivumilia kwa siku chache za mwaka? Jengo la Harare halikuahidi kipimo kimoja cha joto kisichobadilika kutoka Januari hadi Desemba. Liliahidi hali inayovumilika, na kwa ahadi hiyo ya kweli likaepuka gharama kubwa.

Funzo la pili linahusu michoro. Kabla ya zege kumwagwa, michoro ya msanifu, ya mhandisi wa zege, ya mabomba, ya mifereji ya hewa na ya nyaya za umeme haina budi iwekwe pamoja na kulinganishwa, chumba baada ya chumba. Kila tundu litakalopita katika ukuta au sakafu lionyeshwe na kuachwa wazi tangu mbao za zege zinapopigwa. Kazi hiyo inachosha, nayo haina sifa, maana hakuna waziri anayealikwa kuzindua ulinganishaji wa michoro. Lakini siku moja ya kazi hiyo ofisini huokoa wiki nzima ya kutoboa zege kwa nyundo.

Funzo la tatu ni la manunuzi na malipo. Kuta huweza kujengwa kwa mchanga, kokoto na saruji inayopatikana karibu, lakini lifti, pampu kubwa na feni huagizwa kiwandani, hutengenezwa, husafirishwa kwa meli, hutolewa bandarini na kupelekwa kwa lori. Safari hiyo huchukua miezi. Msimamizi asiyeagiza mapema hujikuta na jengo lililokwisha kupakwa rangi lakini halina lifti, na pengine hulazimika kubomoa ukuta ili mtambo uingie. Hali kadhalika, mkandarasi wa mitambo mara nyingi hufanya kazi chini ya mkandarasi mkuu, na malipo yake hupitia mikononi mwa huyo. Malipo yakikwama huko, vifaa havinunuliwi, mafundi hodari hukimbilia kwingine, na kazi humalizwa na vibarua. Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 huwasajili makandarasi wa mitambo katika fungu lao, mbali na wale wa majengo. Utaratibu huo unatambua kwamba hiyo ni kazi ya ujuzi wake maalumu. Yapasa basi mikataba nayo iitambue hivyo, kwa kuonyesha wazi nani atalipwa nini, na kwa wakati gani.

Funzo la nne ni upimaji. Bomba la maji lililofichwa ukutani kabla ya kupimwa ni deni ambalo halina budi kulipwa baadaye. Kanuni yake ni rahisi. Kabla ya kuta kupigwa lipu na dari kufungwa, bomba hujazwa maji, nguvu ya maji hupandishwa kupita ile ya matumizi ya kila siku, kisha kipimo hutazamwa kwa saa kadhaa. Mshale ukishuka, mahali fulani panavuja, na fundi hutafuta hapo hapo ingali rahisi kupaona. Mifereji ya hewa nayo hupimwa tundu kwa tundu, ili chumba kilicho karibu na feni kisipate tufani ilhali kile cha mwisho hakipati hata pumzi. Pampu ya kuzimia moto hujaribiwa kwa kufungua maji katika ghorofa ya juu kabisa, si ile ya chini ambako maji hufika kwa hali yoyote.

Upimaji ndio unaokuja mwisho, na kwa hiyo ndio unaonyang'anywa siku zake. Msingi ukichelewa, kuta zikachelewa na paa likachelewa, tarehe ya sherehe ya ufunguzi aghalabu haisogezwi. Siku zilizopotea hukatwa kwa mtu wa mwisho, yaani mhandisi wa mitambo. Utepe hukatwa, makofi hupigwa, na jengo hufunguliwa na mitambo ambayo haikupata kuwashwa yote kwa pamoja hata siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jengo la ghorofa ufa huo mara nyingi ni kiungo cha bomba kisichopimwa.

Funzo la tano, ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba kukabidhi ufunguo si mwisho wa mradi. Mkataba wa ujenzi kwa kawaida huweka kipindi, mara nyingi miezi 12, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, na sehemu ya fedha zake huzuiliwa mpaka atimize wajibu huo. Kwa mitambo kipindi hicho kina maana ya pekee, maana mtambo uliojaribiwa katika miezi ya baridi haujapata kukutana na joto la miezi ya jua kali. Unahitaji kupita katika majira yote ya mwaka mbele ya macho ya waliouweka. Katika kipindi hicho wafanyakazi watakaoutunza wafundishwe kwa vitendo, wapewe michoro inayoonyesha mabomba yalivyopita kwa kweli, siyo yalivyokusudiwa kupita, na wapewe maelezo ya matengenezo kwa lugha wanayoisoma. Orodha ya vipuri iwepo, pamoja na fungu la fedha la kuvinunua. Mtambo wa mamilioni huweza kusimama kwa kukosa mkanda wa feni au chujio la hewa.

Jambo hilo ndilo linaloufanya mpango wa Harare uwe wa busara. Feni ni chombo chepesi kukielewa. Ina mota, mkanda na mapanga. Fundi wa mji wowote mkubwa anaweza kuifungua, kuitazama na kuitengeneza. Mtambo mkuu wa kupozea hewa una kompresa, gesi maalumu, mnara wa kupozea maji na vyombo vya kuuongoza, na ukiharibika huhitaji mtaalamu ambaye huenda yuko mbali. Msimamizi mwenye hekima huuliza siku ya kwanza swali moja dogo: kitu hiki kikiharibika miaka kumi ijayo, nani atakitengeneza, na kwa kipuri cha kutoka wapi?

Kwa mintarafu hiyo, zabuni za mitambo hazifai kuamuliwa kwa bei ya kununulia peke yake. Pampu ya bei nafuu inayokula umeme mwingi na kudumu miaka michache ni ghali kuliko ile ya bei kubwa inayodumu. Bei ya kununua hulipwa mara moja, nayo huonekana na wote. Bei ya kuendesha hulipwa kila mwezi kwa kipindi chote cha uhai wa jengo, na katika majengo ya umma mlipaji wake ni mwananchi. Anailipa kwa kodi, na anailipa tena kwa kukaa katika foleni ndani ya ofisi yenye joto, au kwa kupanda ngazi za hospitali huku mgonjwa wake amebebwa kwa machela kwa sababu lifti haifanyi kazi.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuuchukua mfano wa Harare na kuunakili ulivyo. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Katika miezi ya joto usiku wake haupoi vya kutosha, na hewa yake imejaa unyevu. Kuisukuma hewa hiyo ndani ya zege usiku kucha hakungeleta baridi ya akiba, kwa kuwa baridi yenyewe haipo. Pwani ina hekima yake ya zamani, inayoonekana katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, yaani dari za juu, kuta nene, kivuli, na madirisha yanayoupisha upepo wa bahari kupita upande hadi upande. Pale ambapo mtambo wa kupozea hewa hauepukiki, kama katika chumba cha upasuaji, uwekwe, lakini uwekwe kwa kipimo, katika jengo ambalo kwanza limejikinga na jua.

Lakini Tanzania si pwani tu. Dodoma, ambako serikali imejenga mji wake eneo la Mtumba, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni kavu. Iringa, Mbeya na Arusha ziko juu zaidi, na usiku wao watu hujifunika mablanketi. Katika miji hiyo kanuni ya zege zito, usiku wa baridi na feni nyepesi inastahili angalau kukadiriwa na wahandisi kabla ya mtu yeyote kuagiza mtambo kutoka ng'ambo. Kukadiria huko ni gharama ndogo. Ni kazi ya wiki chache kwa wataalamu, katika maisha ya jengo litakalosimama miaka 50 na zaidi.

Majirani wa Zimbabwe wamekwisha kuonja umuhimu wa tahadhari hiyo. Mwaka 2019, kina cha maji katika bwawa la Kariba kiliposhuka kwa ukame, mgao wa umeme nchini humo ulifikia saa 18 kwa siku. Katika hali kama hiyo kila jengo hupata taabu, maana hata feni hutaka umeme. Lakini jenereta ya kuendesha feni ni ndogo, na zege lililopoa usiku haliwi moto mara umeme unapokatika. Jengo lililotegemea kompresa peke yake na kuta za kioo hugeuka tanuri kabla ya adhuhuri.

Eastgate limekwisha kutimiza zaidi ya robo karne. Thamani yake kwa nchi jirani haimo katika umbo la dohani zake wala katika hadithi ya mchwa, bali katika utaratibu ulioitangulia kazi yenyewe. Mwenye mali alijua anachokitaka, msanifu na mhandisi walisikilizana, hewa ya mahali ilipimwa, na mtambo uliochaguliwa ni ule ambao wenyeji wangeweza kuutunza. Utaratibu huo hauhitaji fedha za kigeni. Unahitaji watu wanaohusika kukaa pamoja mapema, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.